Jina la Pili

Radi iliyoshuka kutoka Rwenzori Alhamisi ile
haikuua mtu. Iliua kadi ya mtandao,
kitu chembamba kama kiganja cha mtoto,
ikaacha harufu ya sukari iliyoungua
katika chumba cha seva, zamani stoo ya magodoro
ya hospitali yetu hapa Kasese.

Kadi mpya ilikuja na basi la usiku kutoka Kampala,
imefungwa ndani ya soksi.
Nikaichomeka. Nikaiuliza mashine: una milango gani?
Ikajibu: eth1.
Si eth0. Sifuri iko kwenye ndoo ya taka,
lakini mashine ina faili inamotunza majina ya waliotangulia,
wala haimpi mgeni jina la marehemu.

Nilikaa kwanza.

Kule, bosi wangu, alinipigia simu: futa mstari huo,
anza upya, nani anahesabu?
Kule! Mtoto wa nne kwao, jina lake lenyewe linahesabu.
Kwetu Wakonzo majina ni foleni:
binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho.
Mimi ni Biira, na juu yangu hakuna mtu.
Mteja mgeni akimwuliza mama pale sokoni,
"Na Masika ameolewa wapi?"
mama huanza kupanga pasheni zake upya,
nne nne, kana kwamba fungu limeharibika.

Saa nne usiku. Waya mmoja, idara tatu:
maabara, dawa, wazazi.
Waya haukatwi kwa kisu ukabaki mzima.
Hugawanywa kwa maneno.

ip link add link eth1 name maabara type vlan id 10

Kimya. Mashine hii ikinyamaza imekubali,
ikifungua mdomo ujue umekosea.
Sikushika bisibisi, sikupanda ngazi,
na tazama, mlango mahali pasipo na ukuta.
Ila huzaliwa umelala. Sharti uuamshe:

ip link set maabara up

Halafu dawa. Halafu wazazi,
ambayo kwa usingizi niliiandika wazizi,
na mashine ikaipokea bila kucheka, haijui Kiswahili.
Nikafuta, nikarudia.
Violesura pepe, ndivyo vinavyoitwa. Pepe, si pepo,
ingawa usiku, peke yako, na feni ikikoroma,
tofauti ni herufi moja.

Kutoka ukumbini nesi Ithungu akapaza sauti:
"Biira! Majibu ya malaria yameingia!"
Nikajiona mtu.

Saa sita umeme ukakatika.
Betri ilijitahidi dakika mbili, ikajifia.
Mwenye ufunguo wa jenereta alikuwa msibani Hima.
Niliketi gizani nikisikia mtoto akilia wodini,
kisha akinyonya, kisha kimya.

Umeme uliporudi niliuliza tena: una milango gani?
eth1. Basi.
Maabara hayupo, dawa hayupo, wazazi hayupo.
Niliyoyasema yalikuwa maneno ya mdomo tu,
na maneno ya mdomo hulala na taa.

Kwa hiyo nikafungua faili
nikaandika yote, pole pole, mstari kwa mstari,
ili mashine ikizinduka iyakute.
Ule mstari wa zamani wa eth0 sikuufuta.
Chini yake nikaweka alama ya reli,
maana kilicho mbele ya alama hiyo mashine haikisomi,
kimeachiwa watu:

# eth0 ilikuwepo. Radi, Alhamisi.

Mkono ukabaki juu ya kibodi.
Siku tisa aliishi, mama aliniambia mara moja tu, akimenya ndizi.
Hakuna kadi, hakuna kitabu cha kliniki.
Nikaongeza mstari mmoja:

# Masika pia.

Nikahifadhi. Kule akiuona atauliza.